Jinsi ya kuchagua taa za tangi la matumbawe

MATUMBAWE ni wanyama, ijapokuwa wengi huyadhania kuwa mawe au mimea. Ndani ya miili ya aina nyingi za matumbawe yanayojenga miamba huishi mwani wa seli moja, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu za mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya nishati anayohitaji. Kwa hivyo, taa inayoning'inizwa juu ya tangi la kioo lenye viumbe hawa ni sehemu ya mlo wao. Mfugaji anayeichagua kwa kuvutiwa na mng'ao wake dukani huenda akabaki na mifupa myeupe baada ya miezi michache, na hasara yake si haba.

Kosa lililozoeleka ni kupima taa kwa wati. Wati hueleza umeme unaotumika tu, wala si mwanga unaomfikia mnyama. Kipimo kifaacho ni kile kiitwacho PAR, yaani mwanga wa urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, ambao mwani waweza kuutumia. Huhesabiwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri katika nchi za joto hufikia takriban 2,000 juu ya maji. Matumbawe laini na yale yenye umbo la uyoga huridhika na 50 hadi 150, na Euphyllia, yenye minyiri mirefu inayopeperuka majini, haihitaji zaidi ya hapo. Acropora, yenye matawi na ukuaji wa haraka, hustawi panapo 200 hadi 350.

Vipimo hivyo huchukuliwa mahali tumbawe linapokaa, wala si karibu na taa. Katika tangi moja, kilele cha jiwe chaweza kupata mwanga maradufu kuliko sakafu, na ndiyo maana Acropora huwekwa juu na uyoga vivulini. Vifaa vya kupimia ni ghali, lakini katika nchi ambako ufugaji huu umeenea, baadhi ya maduka huvikodisha.

Suala la rangi nalo lina msingi wake baharini. Mpiga mbizi wa Watamu anajua kwamba wekundu hufifia mita chache tu chini ya maji, ilhali buluu hupenya mbali. Mwani wa matumbawe umezoea hali hiyo, na hunufaika hasa na mwanga wa nanomita 400 hadi 480. Buluu hiyo pia huamsha rangi za kung'aa ambazo wafugaji huzipenda mno. Hata hivyo, mng'ao si ushahidi wa afya. Hata tumbawe linalodhoofika laweza kumeremeta.

Kwa miaka mingi wafugaji walitegemea taa za metali halaidi, zilizotoa mwanga mwingi pamoja na joto lililolazimu baadhi yao kununua mashine za kupoza maji. Mirija ya floresenti aina ya T5 husambaza mwanga vizuri pasipo vivuli vikali, ila hupoteza ubora na kuhitaji kubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja hivi. Isitoshe, Umoja wa Ulaya ulisitisha uuzaji wa mirija mipya ya aina hiyo mnamo Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki iliyomo. Leo taa za LED ndizo zinazotawala. Hutumia umeme mchache na rangi zake hurekebishwa moja moja. Udhaifu wake ni kwamba mwanga hutoka katika vitone vidogo, hivyo tangi refu huhitaji taa zaidi ya moja ili matawi yasitiane kiza.

Mwanga uliozidi huua pia. Mwani ukielemewa huzalisha kemikali za oksijeni zenye sumu, na tumbawe huufukuza na kupauka, kama ilivyotokea katika miamba ya Kenya mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi. Taa mpya yafaa iwashwe kwa nguvu ndogo, kisha iongezwe polepole kwa wiki kadhaa. Saa nane hadi 10 kwa siku zatosha. Kurefusha muda ili kufidia taa hafifu huishia kulisha mwani wa kero unaoota kwenye vioo.

Ratiba ya mwanga ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Jumba la Makumbusho la Horniman, London, waliiga macheo, machweo, mwezi na majira ya joto na baridi ndani ya matangi, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha Acropora za aina nne zikitaga humo. Mnamo Agosti 2019 jumba la The Florida Aquarium la Marekani lilitumia mbinu kama hizo, na matumbawe nguzo ya Atlantiki yakataga maabarani.