Nani Aligundua Maji Moto ya Cilaos?

Ukisoma juu ya chemchemi za maji moto za Cilaos, katika kisiwa cha Réunion, utakutana na sentensi moja inayorudiwa karibu kila mahali: ziligunduliwa mwaka 1815 na mwindaji wa mbuzi aliyeitwa Paulin Técher. Sentensi ni fupi na mwaka wake ni rahisi kukariri kwa ajili ya mtihani. Katika insha hii sina ugomvi na mwindaji huyo, wala na mbuzi wake. Ugomvi wangu ni na neno "ziligunduliwa".

Nianze na jina la mahali. Cilaos si neno la Kifaransa. Wengi hulieleza kuwa limetokana na Kimalagasi, na kwamba maana yake ni mahali ambapo mtu haondoki. Wengine husema lilikuwa jina la mtoro aliyejificha huko, Tsilaos. Bonde la jirani linaitwa Mafate, na hilo nalo ni Kimalagasi, lina maana ya kitu kinachoua. La tatu linaitwa Salazie. Kati ya Mafate na Salazie kuna kilele kinachoitwa Cimendef, ambacho kwa Kimalagasi huelezwa kuwa ni yule asiyekubali utumwa. Mimi ni mtu wa Ngazidja, lakini bibi yangu mzaa mama alitoka Maore na alizungumza Kibushi, ambacho ni Kimalagasi cha kwetu Komori. Nilipoitazama ramani ya Réunion kwa mara ya kwanza, katikati ya kisiwa nilisikia sauti ya bibi. Pwani sikusikia kitu, kwa sababu pwani yote ni watakatifu: Saint-Denis, Saint-Paul, Saint-Leu, Saint-Louis, Saint-Pierre, Saint-Benoît, Saint-André. Anayetaka kujua nani alikaa wapi anaweza kuanza na ramani hiyo kabla hajafungua kitabu.

Réunion haikuwa na wenyeji. Makazi yalianza mwaka 1663, Wafaransa wawili walipotua pamoja na Wamalagasi kumi, watatu kati yao wakiwa wanawake. Hawakukaa pamoja muda mrefu. Wamalagasi wale waliwakimbia Wafaransa na kupanda milimani. Kwa hiyo utoro katika kisiwa hiki una umri sawa na makazi yenyewe. Nasema "utoro" kwa makusudi. Siku hizi tunaliona neno hili kwenye daftari la mahudhurio, mtoro ni mwanafunzi anayekwepa vipindi. Lakini katika pwani ya Waswahili, watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba na kujenga vijiji vyao, kama kule Witu na Fuladoyo. Sioni sababu ya kuazima neno la Kifaransa wakati letu lipo na limeshafanya kazi hiyo.

Milima waliyoipanda ni volkano. Piton des Neiges, mlima mrefu kuliko yote katika kisiwa, una mita 3,070 na umelala kwa maelfu ya miaka. Ulipolala, mvua na maporomoko viliuchimba pande tatu, na hivyo ndivyo yalivyotokea mabonde matatu ya mviringo, Cilaos, Mafate na Salazie, kila moja limezungukwa na kuta za majabali zinazokwenda juu mamia ya mita. Mlima umelala, haujapoa. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa, hukutana na joto lililobaki chini, huchukua chuma, madini mengine na gesi ya mkaa, kisha hupanda tena na kutoka kando ya mito yakiwa na joto na mapovu, na huacha rangi ya kutu juu ya mawe. Kwa mtu wa Ngazidja jambo hili ni la kustaajabisha mara mbili. Sisi pia tunaishi juu ya volkano, Karthala, lakini kisiwa chetu hakina mito. Tunakinga mvua kwenye mabirika, na mlipuko wa mwaka 2005 ulijaza mabirika hayo majivu. Volkano inayotoa maji badala ya kuyaharibu ni habari mpya kwangu.

Sasa turudi kwa watoro. Katika karne ya 18 Wafaransa walipanda kahawa kwenye kisiwa, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon, na wakanunua watu. Wengi walitoka Madagaska, wengine Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Bourbon na Île de France, yaani Mauritius ya leo. Mpaka leo Mwafrika wa Réunion huitwa Kaf, neno ambalo kila Mswahili atalitambua, kwani lilianza safari yake kama kafiri, likapita kwa Wareno kabla ya kuwafikia Wafaransa.

Sheria ya mwaka 1723 iliweka adhabu za utoro kwa ngazi. Aliyetoroka mwezi mzima alikatwa masikio na kupigwa chapa ya ua la yungiyungi begani. Akirudia, alikatwa kano ya nyuma ya goti na kupigwa chapa bega la pili. Mara ya tatu ni kifo. Kando ya sheria kulikuwa na vikosi vya wawindaji, na hawa hawakuwinda mbuzi. Walilipwa kwa kila mtoro, na aliyeuawa alithibitishwa kwa mkono wake uliokatwa na kupelekwa mjini. Aliyepata sifa kuliko wote ni François Mussard. Mwaka 1751 alimuua kiongozi wa watoro aliyeitwa Mafate, ambaye bonde linabeba jina lake.

Tupige hesabu. Kati ya mwaka Mafate alipouawa na mwaka Técher alipokuta chemchemi kuna miaka 64. Kati ya watoro wa kwanza na Técher kuna miaka 152. Katika muda wote huo, ndani ya mabonde haya waliishi watu, wanaume na wanawake, wakiwa na vibanda na vijishamba, wakijua kila mapango na kila njia ya kupita kwenye majabali, maana asiyeijua aliupoteza mkono wake. Cilaos iko mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Julai ni baridi ambayo mtu wa pwani haiwezi. Naambiwa niamini kwamba watu hao, wengine wakiwa na vidonda vya chapa, walichota maji kando ya mito hii kwa vizazi kadhaa bila yeyote kuuingiza mguu kwenye maji ya moto. Siamini.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema historia inahitaji hati, na hapo mimi nina dhana tu. Nilimjibu kwamba hati tulizonazo ziliandikwa na wawindaji ili walipwe, na hakuna aliyelipwa kwa kuandika mahali watoro walipooga. Kisha nikamrudisha kwenye majina. Kama bonde lile lilikuwa tupu na mtu wa kwanza kulijua ni Técher, kwa nini haliitwi Técher, au Saint-Paulin? Wafaransa hawakuwa wavivu wa kutoa majina. Walichukua jina la Kimalagasi kwa sababu walilikuta linatumika, vinywani mwa watu waliowakamata na kuwalazimisha wawaongoze njia. Kwangu mimi hiyo nayo ni hati, na haikuandikwa na mwindaji.

Kilichofuata baada ya 1815 kinaonyesha "kugundua" kulikuwa na maana gani. Maji yalijulikana kwa watu wenye kalamu na fedha, na mabonde yakafunguliwa kwao. Katika miaka ya mwanzo ya 1830 chemchemi za Salazie nazo zikaingia katika maandishi, na kijiji kilichokua karibu yake kikaitwa Hell-Bourg, kwa jina la gavana de Hell. Hapo ndipo majina ya Kimalagasi yalipoanza kupata majirani wa Kifaransa. Wenye mashamba ya miwa walipanda kutibu baridi yabisi, tumbo na ngozi. Njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba wagonjwa wa Cilaos walibebwa kwa machela na wapagazi, wakipita ukingoni mwa makorongo. Malaria ilipoingia kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1860 na kuifanya pwani kuwa ya hatari, safari za milimani zikaongezeka, na matajiri wakajenga Hell-Bourg nyumba nzuri za mbao zenye nakshi na bustani, ambazo nyingine zipo mpaka leo.

Nadhani sehemu yenye uzito zaidi ni miaka ya katikati. Utumwa Réunion ulifutwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakaachiwa huru. Kabla ya hapo kuna miaka 33 ambamo chemchemi "zimegunduliwa" na utumwa bado upo. Katika miaka hiyo, bwana aliyepanda Cilaos kuoga alikuwa mwenye watumwa. Mahali ambapo watoro walipakimbilia kuepuka mabwana pakawa mahali pa mabwana kupumzika. Vitabu vya utalii huanza hadithi hapo, na machela, na nyumba za nakshi.

Maji yenyewe hayakuwa rafiki wa mtu yeyote. Kule Mafate palikuwa na bafu la maji ya kiberiti, lililosifika kwa magonjwa ya ngozi, na kijiji kikaitwa Mafate-les-Eaux. Mwaka 1913 ardhi iliporomoka, na kijiji kikaachwa. Januari 1948 kimbunga kikali kilipiga kisiwa kizima. Hell-Bourg chemchemi zilifukiwa, maji moto yakapotea, na mji wa matajiri ukalala. Ilibaki Cilaos, ambayo tayari ilikuwa imepata barabara ya magari katika miaka ya 1930, yenye kona zaidi ya 400. Nilizipita zote. Binamu yangu aliyekuwa anaendesha aliniambia nitazame mbele, nisitazame chini, na nilitii.

Nilifika Réunion wakati wa likizo, kwa mama mdogo anayeishi Saint-Denis. Habari za viza kwa Mkomori anayetaka kwenda Réunion zinahitaji insha yake, tuziache. Hell-Bourg tulishuka na binamu kwa njia ya miguu mpaka kwenye magofu ya bafu. Msitu ule ni wa unyevu. Kuna makangaga marefu kama minazi michanga, kuvumwani imening'inia, na ukungu huja na kuondoka bila kukupa taarifa. Kilichobaki ni kuta fupi za mawe na mabaki ya vyumba vya kuogea, mizizi imepita katikati. Niliuingiza mkono kwenye maji ya mto. Ni baridi kabisa. Binamu alipiga picha, akasema hapa watu walilipa fedha nyingi waje kulowa. Mimi nilikuwa nikitazama upande wa pili wa bonde, unapoonekana mlima Anchaing, uliosimama peke yake. Hadithi za kisiwa zinasema mtoro wa jina hilo aliishi kileleni na mkewe Héva, wakiona kutoka juu kila anayekuja. Ukisimama pale chini unaelewa kwa nini waliuchagua: yeyote aliyeingia Salazie kwenda kuoga angepita machoni pao.

Cilaos tulikwenda wiki iliyofuata, safari hii na mama mdogo, kwa sababu ya goti lake. Siku hizi maji huvutwa kwa mabomba hadi kwenye jengo la kisasa lililofunguliwa miaka ya 1980, na wengi wanaokuja wametumwa na daktari. Walikuwepo wazee wa Kikaf, Wahindi, Wachina, Wazungu wa milimani, kila mmoja na taulo lake, wakizungumza Kikreoli na kulalamikia magoti. Hapakuwa na bwana wala machela. Nililipia nusu saa. Maji yalikuwa na mapovu madogo yaliyoshika kwenye mikono, na harufu ya chuma kama ya msumari uliolowa.

Tulipotoka, mama mdogo aliniuliza kama yalikuwa moto vya kutosha. Nilimwambia kwangu mimi ni vuguvugu, nilitegemea zaidi kutoka kwa volkano.

"Vuguvugu hilohilo linanitosha, mwanangu," akasema, akilikunja goti na kulikunjua mbele ya mlango. "Haya, twende tukanunue dengu kabla duka halijafungwa."

Dengu za Cilaos ni ndogo na zina bei. Tulinunua kilo mbili, tukaanza kushuka zile kona.