Kwa Nini Kamera Haionekani Kwenye Kompyuta? Historia Fupi ya Waya wa USB

Msimu kama huu makatibu wa vikundi mnapiga picha nyingi: mahindi yaliyoshambuliwa na viwavijeshi vamizi, shamba darasa, mizani siku ya mauzo. Unarudi, unachomeka kamera kwenye kompyuta, na kompyuta inakaa kimya. Wapo wanaosema kamera imekufa. Wapo wanaobonyeza kila kompyuta inachouliza, na picha za msimu mzima zinafutika. Picha ya mahindi ya wiki ya tatu huwezi kwenda kuipiga tena wiki ya nane.

Leo tuangalie waya huu umetoka wapi, kwa sababu kila tatizo lake lina chanzo chake katika historia. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kabla ya USB

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, alitengeneza kamera ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka. Ilihifadhi picha kwenye kaseti, picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa, na ilitazamwa kwenye televisheni. Kamera za namna hii zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, kama QuickTake ya Apple ya mwaka 1994, ziliunganishwa na kompyuta kwa tundu la siriali. Lilikuwa la polepole sana. Printa nayo ilikuwa na tundu lake, kibodi lake, na mara nyingi ilibidi uzime kompyuta kwanza ndipo uchomeke kifaa.

Januari 1996 makampuni 7, yakiwemo Intel, Microsoft, IBM, Compaq na NEC, yalitoa toleo la kwanza la USB. Lengo lilikuwa tundu la aina moja kwa vifaa vyote, unachomeka kompyuta ikiwa inawaka. Haikuwa rahisi. Aprili 1998, kwenye maonyesho mjini Chicago, skana ilichomekwa kwa USB jukwaani Bill Gates akiwepo, na Windows 98 ikaganda na kutoa skrini ya bluu mbele ya watu wote. Kwa hiyo usione aibu ikikutokea wewe.

Waya wenye nyaya mbili badala ya nne

Waya wa kawaida wa USB wa wakati ule una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za kupitisha taarifa. Mwaka 2009 watengenezaji wakubwa wa simu walikubaliana na Umoja wa Ulaya kutumia chaja ya aina moja yenye kichwa cha Micro-USB. Waya za kuchajia zikazagaa kila mahali, na baadhi ya zile za bei rahisi zina nyaya mbili tu, zile za umeme. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukiona kamera inachaji lakini kompyuta haioni kitu, shuku waya kabla ya kushuku kamera. Tafuta mwingine ambao umewahi kuhamisha picha au faili.

Kumbuka pia kwamba kamera nyingi za zamani hazichajiwi kwa waya huu kabisa. Betri ikiwa chini au kamera ikiwa imezimwa, hakuna kitakachoonekana. Chaji betri, washa kamera, kisha chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha matundu.

Lugha mbili za kamera

Mwanzoni kila kamera ilikuja na diski yake ya programu, na diski ikipotea umekwama. Ndipo mwaka 2000 ikatoka lugha ya pamoja ya kamera iitwayo PTP, na Windows XP ya mwaka 2001 ikaja ikiielewa. Lugha ya pili ni ile ya flashi, ambayo kwenye menyu huandikwa Mass Storage.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kamera ikizungumza lugha ya flashi, inaonekana kama diski yenye herufi, kwa mfano E. Ikizungumza PTP, inaonekana kwa jina lake la kamera, bila herufi. Mtu anatafuta herufi, haioni, anasema haijaunganika, kumbe ipo. Tafuta jina la kamera kwanza. Kama halipo, fungua menyu ya kamera sehemu ya USB, badilisha kutoka lugha moja kwenda nyingine, kisha chomoa na uchomeke tena.

Kadi na ujumbe wa hatari

Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Panasonic. Mwaka 2006 ikaja SDHC, inayofika GB 32, na mwaka 2009 SDXC, yenye ujazo mkubwa zaidi. Umbo ni lile lile, lakini mpangilio wa ndani ni tofauti. Ukichomeka SDXC kwenye kompyuta ya zamani, inaweza kushindwa kuisoma na kukuambia kadi inahitaji kufomatiwa. Usikubali! Kadi inaweza kuwa nzima kabisa, ila kompyuta ndiyo haijui kuisoma. Ipeleke kwenye kompyuta mpya zaidi, na ufungue folda ya DCIM, ambayo ndiyo kamera huweka picha tangu utaratibu wa Wajapani wa mwaka 1998. Kabla ya kuichomeka, sogeza kile kitufe kidogo cha pembeni mwa kadi upande wa kufunga. Husaidia kuzuia kufutwa kwa bahati mbaya.

Na kama umeshafomati, acha kupiga picha kwa kadi hiyo leo hii. Picha mpya zitafunika zile za zamani, ambazo huenda fundi akazirudisha kwa programu maalumu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: betri, waya, tundu, menyu, mwisho kadi. Picha zikishaingia, zinakili sehemu mbili ndipo ufute kwenye kamera. Nawatakia kazi njema na mavuno mema.