Mnyauko: Habari za Ugonjwa wa Nyanya na Pamba

Mtu wa Geita aliyepanda nyanya bondeni, ili awauzie watu wa migodini, huweza kuona jambo la kustaajabisha. Miche imestawi, maua yametoka, na udongo una maji. Hata hivyo majani ya chini yanageuka manjano, mara nyingi upande mmoja tu wa mche, kisha wakati wa jua kali mche unalala. Jioni huinuka kidogo, kesho hulala tena, hata ukakauka kabisa. Jirani yake, hatua ishirini kando, anachuma nyanya nzuri. Hapo ndipo maneno huanza: Nani alipita shambani? Nani ana kijicho? Katika nchi ya Shinyanga na Geita maneno ya namna hiyo si mchezo, kwani wako vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Basi na tuitazame asili ya ugonjwa huu.

Mwaka 1895 Mwingereza George Massee aliandika habari za nyanya zilizolala hivyo hivyo huko kwao, akauita ugonjwa wa usingizi. (Si malale ya mbung'o, jina tu lafanana.) Uletwao ni kuvu, jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate, nayo yaitwa fusari. Hukaa udongoni miaka mingi hata pasipo nyanya, huingia mizizini, hupanda katika mishipa ya maji na kuiziba. Mche wafa kwa kiu huku umesimama katika maji. Ukipasua shina utaona mistari ya rangi ya kahawia. Lakini ukitia kipande cha shina katika bilauri ya maji safi na uzi mweupe kama maziwa ukashuka, ujue huo ni mnyauko mwingine, wa bakteria.

Kunyunyiza dawa majani hakufai kitu, maana adui yu ndani. Njia ilionekana kwanza katika pamba, ambayo ina fusari yake. Karibu na mwaka 1900, katika kisiwa cha James Island, South Carolina, nchi ya Marekani, mkulima Elias Rivers alichagua mche uliobaki mzima katika shamba lililokufa, akatunza mbegu zake. Bwana William Orton, mtaalamu wa serikali, akaifuata njia ile ile. Sioni kwamba akili ya mkulima yule ilikuwa ndogo kuliko ya mtaalamu.

Kwetu, mnyauko wa pamba ulionekana karibu na ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Mbegu zilizotoka katika mashamba magonjwa ziliweza kuuchukua hata mashamba mapya. Huko Ukiriguru, kusini ya Mwanza, wataalamu walifanya kama Rivers: waliipanda pamba makusudi katika udongo wenye ugonjwa, wakatunza ile isiyokufa. Ndipo zikatoka mbegu kama UK77 na UK91; herufi hizo ni za jina la Ukiriguru.

Kwa nyanya, msaada ulitoka kwa nyanya ndogo za mwituni za Peru, zisizo kubwa kuliko zabibu. Zilichanganywa na nyanya za shamba, na mwaka 1941 Wamarekani wakatoa mbegu iitwayo Pan America. Lakini mwaka 1945 ilitangazwa kwamba kuko Ohio kuna kabila la pili la kuvu hiyo, liwezalo kuishinda mbegu hiyo. Na la tatu likaonekana Australia mwaka 1978. Ndiyo sababu pakiti za mbegu huandikwa herufi F na tarakimu za makabila ambayo mbegu yaweza kuyastahimili.

Migodi ya Geita ilianza miaka ya 1930, ikafungwa mwaka 1966, ikafunguliwa tena mwaka 2000. Palipo na wanunuzi wengi, bonde lile lile hupandwa nyanya kila msimu, na kuvu huongezeka udongoni. Yule jirani mwenye mavuno huenda alikuwa na mahindi pale miaka kadhaa, au alinunua mbegu nyingine.

Fusari ya pamba haiui nyanya, wala ya nyanya haiui pamba. Lakini minyoo midogo ya mizizini, ipendayo udongo wa mchanga uitwao luseni, hula zote mbili na kuifungulia kuvu mlango. Kwa hiyo ng'oa kwanza mche wa pamba uitazame mizizi: ikiwa na vinundu, usipande nyanya hapo.