Reli iliyoungua siku kumi baada ya fundi wake

Leo tuziweke kando lugha za programu tuzungumze juu ya treni. Najua wasomaji wa Maua watacheka: treni gani tena? Reli haijawahi kufika Igembe. Stesheni iliyo karibu nasi iko Nanyuki, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, na mizigo yetu yote hushuka Nyambene kwa magurudumu ya mpira. Lakini subirini kidogo. Treni ninayoisema inatosha kwenye kiganja, na mtu aliyeipenda ametuachia sisi watu wa kompyuta somo moja zito.

Mtu huyo aliitwa John Allen. Alizaliwa Marekani mwaka 1913, akafanya kazi ya kupiga picha, na mwaka 1946 akahamia mji wa Monterey, pwani ya California. Huko akaanza hobi ya kuunda reli za mfano, yaani reli halisi iliyopunguzwa mara 87, pamoja na milima, madaraja, stesheni na watu wake. Reli yake ya tatu na ya mwisho aliijenga chini ya nyumba yake kuanzia miaka ya 1950, na hakuacha kuijenga mpaka alipofariki.

Aliiita Gorre & Daphetid. Ukiyatamka majina hayo haraka kwa Kiingereza, unasikia kama mtu anasema "mwenye damu na aliyeshindwa". Ndivyo alivyokuwa, mtu wa utani. Miongoni mwa vichwa vya treni alimweka dinosaria mdogo, Emma, kazi yake ikiwa kuvuta mabehewa!

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya utani. Wakati huo treni nyingi za mfano zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani leo. Allen aliona huo ni uongo. Treni ya kweli ina kutu, masizi, vumbi na rangi iliyobabuka, kwa hiyo akazichakaza zake kwa brashi na rangi mpaka zikaonekana zimefanya kazi miaka. Milima yake ilipanda kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Vioo alivificha mahali ambapo jicho lako lingedanganyika kuwa chumba kinaendelea mbele. Na kwa kuwa alikuwa mpiga picha, alizipiga picha vizuri sana, zikachapishwa kwenye magazeti ya hobi hiyo, watu wa mbali wakajifunza mbinu zake bila kufika kwake.

Sasa tuje kwenye sehemu inayotuhusu sisi. Allen hakutaka treni ya kuzunguka tu kama kuku aliyefungwa kamba. Alialika marafiki, kila mmoja akapewa kazi, treni zikaendeshwa kwa ratiba na saa, mizigo ikapelekwa inakotakiwa. Kutokana na mawazo hayo akabuni fumbo dogo la reli aliloliita Timesaver, yaani kiokoa muda. Lilichapishwa mwaka 1972 katika gazeti la Model Railroader. Una kipande kifupi cha reli chenye sehemu tano za kugawanyika, kichwa kimoja cha treni na mabehewa machache. Kila behewa lina mahali pake. Kichwa kinaweza kuvuta na kusukuma tu, na kila kijia kina nafasi ya mabehewa machache. Yafikishe yote kwa muda mfupi kabisa. Basi.

Rahisi? Hesabu basi. Mabehewa 5 yanaweza kupangwa kwenye foleni kwa njia 120. Yakiwa 8, njia ni 40,320. Yakiwa 10, zinapita milioni 3 na nusu. Kila hatua unayochukua inafungua njia nyingine na kufunga baadhi, na kuna wakati inabidi uliondoe behewa lililokwisha kufika kwake ili lingine lipite. Hilo ni swali la kompyuta kabisa, na waandishi wa programu wamelitengenezea fumbo hili matoleo ya kuchezwa kwenye skrini.

Wala si jambo geni kwetu. Fikiria matatu inayotoka Maua kwenda Nairobi kupitia Meru, Chuka na Embu. Makanga akiuweka mzigo wa abiria wa Meru chini kabisa, na juu yake wa Chuka, wa Embu na wa Nairobi, akifika Meru ataupakua mzigo wote barabarani. Kilichoingia mwisho ndicho hutoka kwanza. Watu wa kompyuta mpangilio huo tunauita staki, na mwaka 1968 Donald Knuth, katika kitabu chake maarufu cha kanuni za kompyuta, aliueleza kwa mfano wa mabehewa yanayoingia na kutoka kwenye kijia cha reli. Makanga hajasoma Knuth, lakini kazi yake anaijua!

Tarehe 6 Januari 1973, John Allen alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 59. Siku kumi baadaye moto ulizuka katika nyumba ile, na sehemu kubwa ya reli ikateketea: milima, madaraja, miji na kutu zile alizozipaka behewa kwa behewa. Kazi ya takriban miaka 20 iliangamia hata kabla ya arobaini.

Kilichobaki ni nini, basi? Zilibaki picha, kwa sababu zilikwisha kuchapishwa. Zilibaki mbinu, kwa sababu alikwisha kuwafundisha wengine. Likabaki fumbo la Timesaver, maana lilikuwa limechapishwa miezi michache tu kabla hajafa, na yeyote mwenye reli fupi, au mwenye karatasi na vifuniko vya soda, angeweza kulijenga upya. Rafiki yake Linn Westcott, aliyewahi kuwa mhariri wa Model Railroader, alikusanya habari na picha za reli ile katika kitabu. Westcott naye alifariki mwaka 1980. Kitabu kikatoka mwaka 1981. Kwa maneno mengine, kilichokuwa mahali pamoja kiliungua, na kilichokuwa kimegawiwa watu kikaokoka.

Kwetu pia tumeonja hayo. Reli yetu ilikuwa na injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa miongoni mwa injini zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Leo zimebaki mbili tu, na zote ziko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, Fred Jordan akiwa msimamizi wake wa kwanza. Nenda ukaione ile namba 5918, Mount Gelai. Simama karibu na magurudumu yake halafu uniambie hukushtuka.

Sasa tazama jirani zako. Kuna fundi anayefufua redio ambazo kila mtu amezikatia tamaa. Kuna kijana anayeunda lori la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele yaliyokatwa kwenye ndara kuukuu, na hakuna aliyemfundisha. Maarifa hayo yako kichwani mwa mtu mmoja, kama vile programu zetu nyingi zilivyo kwenye kompyuta moja, bila nakala na bila maelezo. Simu yako ina kamera. Mwombe fundi ruhusa, mpige picha akiwa kazini, muulize kwa nini anaanza na waya huu na si ule, uandike, kisha uweke mahali ambapo watu watasoma. Na programu yako nayo iandikie maelezo, uwape wenzako nakala.

Mwenye kuweza kuandika programu ya kutatua Timesaver kwa hatua chache kabisa, aanze usiku huu. Tutalinganisha majibu.