Padri Mendel na Njegere Zake

Maneno haya ninyi mmeyasikia, nami nimeyasikia mara nyingi nilipokwenda kusali pamoja na watu penye kilio. Mtoto amekufa kwa kupungukiwa damu, wala si wa kwanza katika nyumba ile. Upande wa baba wasema: «Ugonjwa huu haukuwako kwetu. Umeletwa na mwanamke.» Upande wa mama wajibu: «Kwenu kuna mtu mwenye kuroga.» Kabla matanga hayajaisha, mama amerudishwa kwao, na wakwe hawasalimiani tena.

Katika mabishano hayo hakuna anayeuliza swali la kwanza: Mtoto hupata nini kwa baba yake, na hupata nini kwa mama yake? Mtu aliyetufungulia njia ya kulijibu swali hilo alikuwa Padri. Leo nataka kuwapa habari zake.

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, kilichokuwa wakati ule katika dola ya Austria. Leo kimo katika inchi ya Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye mali kidogo. Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Watawa wa Mtakatifu Agustino katika mji wa Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri.

Kwanza alitumwa kuwatembelea wagonjwa. Lakini moyo wake haukuweza kuvumilia kuona mateso yao, hata akaugua yeye mwenyewe. Mkubwa wa monasteri, Abate Napp, hakumkaripia. Alimwondoa katika kazi ile, akampeleka kufundisha shuleni. Mwaka 1850 Mendel akafanya mtihani wa ualimu, akashindwa. Hapo tena Abate hakumtupa. Mwaka 1851 alimpeleka kwenye chuo kikuu cha Vienna, akajifunza huko hesabu, fizika na elimu ya mimea.

Aliporudi, alipata shamba dogo ndani ya bustani ya monasteri. Tangu mwaka 1856 hata mwaka 1863 alipanda humo njegere, ndugu ya maharagi. Alichagua aina ambazo hazibadiliki: nyingine zazaa mbegu laini siku zote, nyingine mbegu zenye mikunjo, nyingine ndefu, nyingine fupi. Kisha akaziozesha. Alifungua ua likiwa bado changa, akaondoa kwa koleo ndogo sehemu zenye unga wa kiume, akalipaka unga wa ua la aina nyingine, akalifunika ili wadudu wasiguse. Kazi hiyo aliirudia mara nyingi sana.

Basi akaona nini? Alipooza mbegu laini na mbegu zenye mikunjo, watoto wote walikuwa laini. Mtu angesema: mikunjo imekufa, ukoo ule umekwisha. Lakini Mendel akawapanda watoto wale, akangoja. Kwa wajukuu, mikunjo ikatokea tena. Hapo akafanya jambo ambalo wengine hawakulijali: alihesabu. Mbegu laini zilikuwa 5.474, zenye mikunjo 1.850, yaani karibu tatu kwa moja. Alipohesabu mbegu za manjano na za kijani, akapata 6.022 na 2.001, tena tatu kwa moja. Alijaribu tabia saba, na kila mara hesabu ilikuwa karibu ile ile.

Mendel akaelewa. Kwa kila tabia, mmea una vitu viwili vilivyofichika: kimoja cha upande wa baba, kimoja cha upande wa mama. Unapozaa, hutoa kimoja tu. Kimoja chaweza kukifunika kingine, lakini kilichofunikwa hakifi. Hukaa kimya, kikangoja kukutana na mwenzake. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho yao waliposema: «Mtoto huyu si wa baba yake, ni babu yake mwenyewe amerudi.»

Mwaka 1865 Mendel aliwasomea wataalamu wa Brno kazi yake, na mwaka 1866 ikachapishwa. Ni wachache walioisoma, na hawakuona uzito wake. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Abate, na shughuli za monasteri zikamla siku zake. Akafa tarehe 6 Januari 1884, mavuno yake yakiwa bado shambani. Mwaka 1900 ndipo wataalamu watatu, de Vries wa Uholanzi, Correns wa Ujerumani na Tschermak wa Austria, walipoifufua kazi hiyo.

Wakati huo watu walikwisha kuona kwa mikroskopi, ndani ya chembe zinazojenga mwili, nyuzi ndogo zinazoshika rangi. Waliziita kromozomu. Mwaka 1902 na 1903 Sutton wa Marekani na Boveri wa Ujerumani walionyesha kwamba nyuzi hizo hukaa mbili mbili na kuachana kama vile vitu vya Mendel. Vitu vyenyewe vikaitwa jeni; vimepangwa juu ya kromozomu kama shanga katika uzi. Mwaka 1956 Tjio na Levan walitangaza hesabu sahihi ya mwanadamu: kromozomu 46. Hizo ni 23 za baba na 23 za mama. Si 30 kwa huyu na 16 kwa yule.

Sasa turudi penye kilio chetu. Kuna ugonjwa wa damu uitwao drepanositozi, ambao watu wengi wa mijini huuita SS. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huvunjika upesi na kuziba mishipa midogo. Mtoto hupungukiwa damu na kuumwa sana mifupa. Mwaka 1949 Neel wa Marekani, na Daktari Beet katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, jirani ya Katanga, walionyesha kwamba ugonjwa huo hufuata njia ile ya njegere. Mwenye jeni moja ya ugonjwa na moja nzima huitwa AS. Yeye kwa kawaida haugui, kama mbegu laini iliyofunika mikunjo. Jeni hiyo hata humkinga mtoto na malaria kali, kama Allison alivyoonyesha mwaka 1954. Ndiyo sababu imeenea katika inchi zenye mbu.

Lakini AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa mtoto wa SS. Nafasi hiyo hairithiwi kwa zamu. Huanza upya kwa kila mtoto. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na wagonjwa watatu, na jirani, mwenye damu ile ile, asiwe na hata mmoja.

Mmeona, ndugu zangu? Mtoto wa SS hapati ugonjwa kwa mama peke yake. Amepokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba, nao wote wawili walizipokea kwa wazee wao bila kujua. Hakuna aliyeroga. Hakuna wa kurudishwa kwao.

Vijana mnaotaka kufunga ndoa, nendeni hospitali mkapimwe damu mapema, kabla mahari haijatolewa na watu hawajaalikwa. Wazazi wenye mtoto mgonjwa, mpelekeni kwa daktari upesi, wala msimalize fedha kwa wapiga ramli. Nanyi wazee wa koo, siku mtakapokaa kuhukumu kifo cha mtoto, kumbukeni Padri aliyehesabu njegere miaka minane kabla ya kusema neno.