Angina: Neno Lililotoka Kooni Likahamia Moyoni



Majira fulani ya baridi, miaka mingi imepita sasa, tulikuwa tukiandaa sherehe ya jumuiya yetu hapa mjini. Asubuhi rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, akanipigia simu: "Yaya, leo sitakuya, niko na angine."

Mimi ni mtu wa Tanga. Sekondari nilisoma kwa Kiingereza, kisha nikaja huku kusomea uhandisi. Kwangu mimi angina ni ugonjwa wa moyo, ule ule uliomsumbua marehemu baba yangu. Nilimwambia akae chini, asinyanyue kitu, asipande ngazi, nami niko njiani. Nilipofika nikihema, nilimkuta jikoni, kajifunga skafu shingoni, anakunywa chai ya tangawizi, sauti imemkauka. Alikuwa na mafindofindo! Tulicheka mpaka koo lake likazidi kumuuma.

Kumbe sote wawili tulikuwa sahihi. Yeye alisoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa angine ni koo lililovimba. Wakitaka kusema la moyo huongeza neno, husema "angine ya kifua". Kwa Kiingereza angina ikisemwa peke yake, watu huelewa moyo. Wajerumani wako upande wa Wafaransa. Waswidi nao wametafuta maneno yao wenyewe: la koo huita halsfluss, la moyo kärlkramp, yaani mkakamao wa mshipa. Lakini ukifungua vitabu vyao vya zamani vya tiba, utakuta angina imeandikwa kwa maana ya koo. Basi sisi Waswahili, kila mmoja alikuja na angina ya mkoloni wake mfukoni, tukakutana nazo Stockholm.

Kicheko hicho kilitutoka miaka michache baadaye. Mzee wetu mmoja wa Mombasa alianza kulalamika. "Mwanangu, roho yanikaba," aliniambia, akishika koo. Watu wa pwani wanajua kwamba roho si ile ya kumrudia Mungu tu. Mtu akikabwa shingo, husemwa amekabwa roho. Tukampa asali, limau na maji ya chumvi ya kusukutua. Alikwenda zahanati akasema koo. Wakatazama koo, likaonekana safi, wakampa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemuuliza hali ile humjia wakati gani, na sisi tuliojua hatukusema: kwamba ilimjia kila alipopanda kile kilima kutoka kituo cha treni, ikapanda mpaka kwenye taya, na akisimama kidogo ikaondoka. Wiki chache baadaye alianguka mlangoni kwake. Aliokolewa, Mungu ashukuriwe, lakini sehemu ya msuli wa moyo wake ilikuwa imekwisha kufa, na kilima kile hakukipanda tena.

Tangu siku hiyo nikaanza kulifuatilia neno hili, kama mhandisi afuatavyo ufa ukutani ili ajue ulikoanzia.

Mzizi wake ni Kilatini, angere, maana yake kukaba au kunyonga. Warumi waliita angina maradhi yote ya koo yenye kumziba mtu pumzi. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya waliendelea hivyo. Baya kuliko yote lilikuwa lile tunaloliita dondakoo, lililoua watoto nyumba hadi nyumba. Waswidi wa kale waliliita strypsjuka, ugonjwa wa kunyonga. Maana ni ile ile, lugha tu tofauti.

Aliyelihamisha neno kutoka kooni ni daktari wa London, William Heberden. Mwaka 1768 alisoma mbele ya madaktari wenzake maelezo ya wagonjwa takriban 20, yakachapishwa mwaka 1772. Alieleza watu ambao wakitembea, hasa wakipanda mlima na hasa baada ya kula, hubanwa kifua kana kwamba uhai unawatoka, na wakisimama hali hiyo hutoweka. Kwa kuwa walihisi kunyongwa, alilichukua neno la koo akaliongezea kifua: angina pectoris. Heberden mwenyewe hakujua kwamba chanzo ni moyo. Alitaja hisia tu, lakini aliitaja vizuri kiasi kwamba hata leo daktari akikuuliza maswali, anafuata njia yake.

Mwaka huo huo wa 1772 msomaji mmoja alimwandikia barua bila kutaja jina, akisema ugonjwa ule ni wake, na kwamba akifa ghafla mwili wake upasuliwe ili watu wajifunze. Hazikupita wiki nyingi akafa. Aliyempasua ni John Hunter, mpasuaji mashuhuri, na hakuona sababu iliyo wazi. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe hawakuifikiria.

Aliyeifikiria ni mwanafunzi wa Hunter, Edward Jenner, huyo huyo wa chanjo ya ndui. Siku moja akipasua moyo wa maiti, kisu chake kiligonga kitu kigumu. Akatazama juu, akidhani plasta imedondoka kutoka darini. Haikuwa plasta, mishipa ya moyo ilikuwa imekauka kama mfupa. Mtu wa mabomba anaielewa habari hii mara moja: bomba likijaa kutu ndani, maji hutosha ukifungua kidogo, yakitakiwa mengi hayafiki. Lakini Jenner hakuitangaza habari hiyo, kwa sababu wakati huo mwalimu wake Hunter alikuwa na dalili zile zile, naye hakutaka kumtia hofu. Hunter alizoea kusema kwamba uhai wake uko mikononi mwa yeyote atakayemuudhi. Na kweli, mwezi Oktoba 1793, katika kikao chenye mabishano hospitalini, alizidiwa akafa. Alipopasuliwa, mishipa ilikutwa kama Jenner alivyohofu.

Sasa turudi hapa kwetu Stockholm, maana dawa ya maradhi haya ina hadithi ya mji huu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mahandaki, na mwamba wa mji huu hauchimbwi kwa jembe. Wazee wa kazi walinisimulia kwamba zamani aliyeshika baruti ya dinamiti kwa mikono mitupu aliumwa kichwa siku nzima. Kiini cha baruti hiyo ni nitrogliserini, iliyotengenezwa mara ya kwanza na Mwitalia Ascanio Sobrero mwaka 1847. Alfred Nobel, mzaliwa wa Stockholm, ndiye aliyeifanya biashara. Tarehe 3 Septemba 1864 mtambo wake wa Heleneborg, upande wa Södermalm, ulilipuka ukaua watu kadhaa, akiwemo mdogo wake Emil. Mwaka 1867 akaipatia hataza dinamiti.

Kile kilichowaumiza watu kichwa kilikuwa kutanuka kwa mishipa ya damu. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London alichapisha kwamba kiasi kidogo sana cha nitrogliserini humtuliza mwenye angina ya kifua. Kisha Nobel mwenyewe akapata maradhi ya moyo. Mwaka 1896, wiki chache kabla ya kufa, alimwandikia msaidizi wake akistaajabia mzaha wa majaliwa: madaktari wamemwandikia anywe nitrogliserini, ila wameibadilisha jina wasiwatishe watu. Alifariki tarehe 10 Desemba mwaka huo. Na mwaka 1998 tuzo ya tiba yenye jina lake ilikwenda kwa Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, waliogundua jinsi gesi ya oksidi ya nitriki inavyoamrisha mishipa ilegee. Gesi hiyo ndiyo itokayo katika nitrogliserini ikiingia mwilini. Hata leo wagonjwa wengi wa moyo hutembea na dawa hiyo mfukoni, ya kuweka au kupuliza chini ya ulimi.

Kwa hiyo koo na moyo ni vitu viwili? Ndiyo, lakini ni majirani wenye mlango wa pamoja. Mlango wa kwanza ni huu: maumivu ya moyo yanaweza kusikika kooni, kwenye taya, begani au mkononi, kama ya mzee wetu. Wa pili unawahusu watoto wa nyumbani. Koo linalotokana na bakteria wa streptokoki lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vali za moyo. Hapa Uswidi imekuwa nadra. Kwetu Afrika Mashariki ingali inawapeleka vijana kwenye upasuaji, ilhali penisilini ya mapema ingeizuia.

Nasi lugha yetu ina mitego yake. "Ana kifua" kwa wengi wetu ni kikohozi. "Moyo unaniuma" kwa mwingine ni huzuni. Kiungulia, Waingereza hukiita moto wa moyo, na moyo haumo. Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, daktari atapata kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, tusimpelekee daktari jina la ugonjwa. Tumpelekee habari yake: panauma wapi, huanza ukifanya nini, huchukua muda gani, huisha vipi. Tuombe mkalimani. Na mtu akibanwa kifua au koo na hali haimwachii hata akipumzika, tusichemshe tangawizi, tupige 112.

Mzee wetu tulimzika miaka kadhaa baadaye. Rafiki yangu wa Bukavu alibeba jeneza upande wa kulia, mimi kushoto. Siku hizi akinipigia simu kusema anaumwa, namuuliza kwanza: wapi? Naye hucheka kabla ya kujibu.