Pavagadh: Mlima wa mungu wa kike aliyeshuka kucheza

Msimu wa Navaratri, sikukuu ya Wahindu, unapowadia, Wagujarati wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hukusanyika usiku kucheza garba, wakizunguka chungu cha udongo chenye taa ndani yake. Nyimbo za ngoma hiyo hutaja Pavagadh mara nyingi. Wapo wachezaji waliozaliwa huku, wao na wazazi wao, na mlima huo hawajawahi kuukanyaga. Kisa chake lakini wanakijua tangu utotoni.

Pavagadh uko katika wilaya ya Panchmahal, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, karibu kilomita 50 kutoka mji wa Vadodara. Ni mwamba wa volkano uliochomoza peke yake katikati ya tambarare, kimo chake takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kileleni ndipo lilipo hekalu la Kalika. Chini ya mlima kuna magofu ya Champaner, mji ambao Shirika la Unesco liliuingiza pamoja na mlima wenyewe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004.

Anayepanda hadi juu akitarajia sanamu ndefu yenye mikono na silaha hushangaa. Mama Kalika wa Pavagadh ni kichwa tu, kilichopakwa rangi nyekundu. Kulia kwake yupo Mahakali, kushoto Bahuchara, yule anayechorwa akiwa amempanda jogoo. Mahujaji hufika na nazi na kitambaa chekundu chenye pindo la dhahabu, hupita mbele yake haraka kwa sababu foleni inasukuma kutoka nyuma, na kwa nukta chache hizo wengine wametembea siku kadhaa.

Kwa nini hapa? Wahindu husimulia kwamba Sati, mke wa mungu Shiva, alijitoa uhai kwa uchungu baada ya baba yake kumdhalilisha mumewe. Shiva akazunguka ulimwengu akiwa ameibeba maiti, hajitambui kwa majonzi, mpaka mungu Vishnu alipoikata vipande ili kumpunguzia mzigo. Kila kipande kilipoangukia pakawa mahali patakatifu, na Pavagadh ndipo kilipoangukia kidole cha mguu wa kulia. Husemwa pia kwamba mwenye hekima Vishwamitra ndiye aliyemsimika Mama Kalika kileleni, na mto Vishwamitri, unaoanzia mlimani na kupita Vadodara, unabeba jina lake. Shiva naye aliabudiwa hapo zamani: magofu ya hekalu la Lakulisha, la karne ya 10 au 11, bado yapo mlimani.

Ila kisa ambacho watu wa Gujarat hawachoki kukisimulia kinamhusu mfalme. Patai Raval, mtawala wa mwisho wa Champaner, alikuwa akitazama wanawake wa mji wake wakicheza garba usiku wa Navaratri. Kati yao alikuwamo mmoja mgeni, mzuri kuliko wote. Alikuwa Mama Kalika mwenyewe, ameshuka mlimani kufurahi na waja wake. Mfalme akashikwa na tamaa, akamshika pindo la sari, akamtaka. Mama akamwambia aombe kingine chochote, mali, watoto, enzi, atampa. Raval akakataa, anamtaka yeye. Hapo Mama akajidhihirisha, akamlaani: ndani ya miezi 6 ufalme wako utakuwa umekwisha.

Waandishi wa masultani Waislamu wa Gujarat wanaanzia kwingine kabisa. Mwaka 1482, wakati wa uhaba wa chakula, ofisa mmoja wa Sultani Mahmud Begada alivamia ardhi ya Champaner akauawa. Mahmud akaja na jeshi. Raval akaomba msaada kwa Sultani wa Malwa, ambaye alianza safari kisha akarudi nyuma. Mahmud akaamuru msingi wa msikiti uwekwe hapo hapo, kusudi askari wake waelewe kwamba haondoki. Mji ulizingirwa kwa takriban miezi 20, na Novemba 1484 ngome ikavunjwa. Wanawake wa Warajputi, watu wa Raval, walijitosa motoni badala ya kutekwa. Raval alikamatwa akiwa na majeraha, akakataa kusilimu, akauawa.

Nikivisoma visa hivi viwili pamoja, naona walioshindwa walifanya jambo la ujasiri. Wangeweza kumlaumu adui peke yake, au Malwa iliyowatupa mkono. Badala yake walimhukumu mfalme wao wenyewe, aliyekuwa amekufa kishujaa, kwa kosa la kumvunjia heshima mwanamke aliyekuja kucheza. Na kwa kusimulia hivyo Mama Kalika hakushindwa vitani, kwani hukumu ilikuwa yake. Ndiyo maana ibada haikufa pamoja na ufalme.

Mahmud aliujenga mji upya, akauita Muhammadabad na kuufanya makao yake makuu. Msikiti wake mkuu ungali umesimama, mawe yake yamechongwa kwa ustadi wa mafundi waliojua pia kujenga mahekalu. Utukufu huo haukudumu. Mwaka 1535 Humayun, mfalme wa Wamughal, aliiteka ngome ya Champaner usiku, watu wake wakipanda kwa misumari ya chuma iliyokongomewa kwenye jabali. Makao makuu yakarudi Ahmedabad, na msitu ukaufunika mji.

Hekalu la kileleni lilibaki, ila bila mnara. Inaaminika ulibomolewa baada ya Mahmud kuiteka ngome, na juu ya paa likajengwa kaburi la walii, Sadan Shah. Kwa karne nyingi Wahindu walisali chini na Waislamu wakazuru juu. Wapo wanaosimulia kwamba Sadan Shah alizaliwa Mhindu, akasilimu ili kumtuliza Sultani na kuliokoa hekalu lisiangamizwe lote. Simulizi hii naipenda kuliko zote za Pavagadh, kwa sababu humo walii wa dini moja anakumbukwa kwa kulinda madhabahu ya nyingine.

Tangu 1986 mahujaji wasioweza ngazi huvushwa sehemu ya njia na magari yanayoning'inia kwenye nyaya. Badiliko kubwa zaidi lilikuja katika ukarabati wa miaka ya karibuni. Kwa makubaliano ya pande zote mbili, kaburi la Sadan Shah lilihamishiwa jirani na hekalu, na mnara mpya ukajengwa. Tarehe 18 Juni 2022, Waziri Mkuu Narendra Modi alipandisha bendera juu yake, ya kwanza katika miaka ipatayo 500. Siku hizi familia hulipia bendera yao ipandishwe hapo.